Uzito wa Ubao

Stima ilipotea saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kompyuta 9 zikazima kwa mpigo mmoja, na wanafunzi 46 wa Kidato cha Pili wakaguna kama watu waliokatiziwa mechi dakika ya mwisho. Mguno ule sijausahau. Kwa miaka niliyofundisha fizikia, sikuwahi kusikia darasa likilalamika kwa sababu somo la momenti, yaani nguvu inavyozungusha kitu, limekatizwa.

Ilikuwa muhula wa pili mwaka 2019, katika shule ya kutwa pembezoni mwa Kisumu, upande wa barabara iendayo Kakamega. Mada hiyo ya nguvu kuzungusha kitu nilikuwa nikiifundisha kila mwaka kwa rula ya mita, uzi na vyuma vidogo vya kupimia. Rula zenyewe zilikuwa tatu. Wanafunzi sita au saba hivi walizishika, waliobaki walinakili majibu yao. Kanuni waliikariri wote: momenti ni nguvu mara umbali wake kutoka kwenye egemeo, na kitu kikitulia, jumla ya momenti zinazokizungusha kwa mwendo wa saa ni sawa na jumla ya zile zinazokizungusha kinyume chake. Lakini ukiwauliza kwa nini mlango husukumwa upande wa kitasa na si karibu na bawaba, kimya.

Mwaka huo nikaamua kujaribu simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa ametunukiwa Nobel mwaka uliotangulia. Hutolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Jambo lililonivutia zaidi lilikuwa dogo: unaweza kuipakua kisha ukaifungua bila intaneti. Nikaenda saiba moja pale Kondele jioni, nikaihifadhi kwenye fleshi, na asubuhi nikaitia katika kompyuta moja baada ya nyingine kabla ya gwaride.

Picha yenyewe ni rahisi. Ubao umelala juu ya egemeo, na nguzo mbili zimeushika usiinuke wala kushuka. Kando kuna mitungi miwili ya kuzimia moto, ya kilo 5 kila mmoja, na pipa la taka la kilo 10. Unaweka vitu unapotaka, kisha unaondoa nguzo. Ubao ama unatulia, ama unaangukia upande mmoja. Ukurasa wa pili una matofali, na watu pia: mvulana wa kilo 20, msichana wa kilo 30, mama wa kilo 60, baba wa kilo 80. Halafu kuna vitu vya fumbo, ambavyo uzito wake hauonyeshwi. Lazima uutafute mwenyewe kwa kuvilinganisha na matofali unayoyajua.

Sikuwafundisha chochote kwanza. Niliandika ubaoni swali moja: mtoto wa kilo 20 atamwinuaje baba wa kilo 80? Wakaanza. Kundi la mbele lilimweka mtoto mwisho kabisa, mita 2 kutoka kwenye egemeo, na baba mita 1. Wakaondoa nguzo, baba akashuka. Wakamsogeza. Akashuka tena. Walipomfikisha nusu mita ubao ukatulia, na mmoja akapiga meza kwa kiganja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliangalia zile namba, akazidisha kwenye kiganja kwa kalamu, kisha akageuka kuniangalia bila kusema kitu. Ishirini mara mbili ni arobaini. Themanini mara nusu ni arobaini. Ile kanuni aliyoisoma kitabuni sasa ilikuwa imetoka mkononi mwake.

Hapo ndipo ninaposimama kuitetea simulesheni mbele ya wenzangu wanaoiona ni mchezo. Katika maabara yetu mwanafunzi alipata nafasi moja ya kukosea, pengine mbili, kabla ya kengele kulia. Pale alikosea mara kumi kwa dakika tano, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa kila kundi lilikuwa linakosea wakati huohuo.

Palikuwa na binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mpole, wa maneno machache. Kaka yake alivuta mkokoteni Kibuye, naye Jumapili, soko linapofurika, alikuwa akimsaidia kusukuma. Nilipopita kwake aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na uzito wa ubao uko wapi?"

"Ubao upi?"

"Huu wa kompyuta. Mkokoteni hata ukiwa mtupu una upande wake. Ukiinua mikono unausikia."

Nikamjibu, "Huo tuuache kwanza." Nilikuwa na haraka, makundi mawili yalikuwa yameinua mikono. Jibu hilo linaniuma hadi leo, maana aliuliza swali lililokuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimeyapanga. Dakika chache baadaye stima ikapotea.

Sikutaka kuwarudisha darasani na daftari. Nyuma ya jiko palikuwa na mwembe mkubwa, na karibu na ukuta mafundi waliokuwa wakirekebisha paa walikuwa wameacha mbao. Nikamwomba mama wa stoo mizani yake, ile ya saa ya kuning'iniza, anayopimia mahindi na maharagwe. "Mwalimu, mizani yangu isirudi na maji," akasema. Nikamwahidi.

Tulichagua mbao ya inchi mbili kwa nne, urefu wa futi 12. Tukaisimamisha kwa ubavu wake mwembamba, vijana wakagonga misumari midogo juu yake kila sentimita 25 kutoka katikati, kama zile alama za kwenye kompyuta. Tukaifunga kamba katikati na kuining'iniza kwenye tawi. Kisha mitungi miwili ya lita 20. Mmoja tuliujaza karibu na shingo, mwingine karibu nusu, tukawa tunaongeza na kupunguza maji kwa kikombe mpaka mshale wa mizani ukasoma kilo 20 kwa mmoja na kilo 10 kwa wa pili. Kazi hiyo ya kikombe ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyechoka.

Kabla ya kuning'iniza chochote niliwaambia watabiri. Wakakubaliana wote: kilo 20 msumari wa mita 0.75, kilo 10 msumari wa mita 1.5. Kumi na tano huku, kumi na tano kule. Wawili wakaushika ubao kila mwisho, kama zile nguzo, wakahesabu mpaka tatu, wakaachia.

Ubao ukaangukia upande wa kilo 20.

Wakapima mitungi upya. Ilikuwa sawa. Wakapima misumari upya. Ilikuwa sawa. Nikawaambia waangalie vizuri zaidi, kuna kosa wamefanya. Mvulana mmoja akausogeza mtungi wa kilo 20 ndani kidogo, upana wa vidole vitatu hivi, ubao ukalala sawa, naye akasema hiyo ni karibu, tuandike. Nakiri nilikuwa tayari kukubali. Tumezoea neno hilo katika maabara zetu: karibu, tuandike.

Yule binti akasema, "Mwalimu, tuondoe mitungi yote."

Tukaiondoa. Ubao ukabaki peke yake kwenye kamba, na palepale ukashuka upande uleule. Akauendea mwisho uliokuwa chini, akaushika, akaunusa, akaupapasa kwa kidole gumba. Ulikuwa mweusi kuliko mwingine na wenye unyevu. Upande huo ulikuwa umelala kwenye matope chini ya mfereji wa paa, na mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Ubao ulikuwa umekunywa maji upande mmoja.

Hapo nikaelewa swali lake la asubuhi. Ubao wa kwenye kompyuta una uzito ulio sawa kila mahali na egemeo lake liko katikati kabisa. Uzito wake wote unapita juu ya egemeo, kwa hiyo hauna umbali wa kuzungushia, na momenti yake ni sifuri. Ndiyo maana hauhesabiwi, na ni sahihi kutouhesabu. Wetu, kitovu chake cha uzito, yaani pale uzito wote unapoelemea, kilikuwa kimehamia upande wa matope. Nikawaeleza hayo, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake kwa kumwambia tuuache. Aliinamisha macho, lakini niliona ametabasamu.

Mtu akauliza kama tutafute mbao nyingine. Kundi la nyuma, wale waliokatiziwa fumbo lao, wakakataa katakata. Wakasema huu ndio mzigo wa fumbo. Tutafute uzito wake bila kuupima.

Nikakimbia kwa mama wa stoo tena, nikarudi na paketi ya chumvi ya nusu kilo. Wakaiacha kamba palepale katikati, wakafunga chumvi kwa uzi upande mkavu, wakaanza kuisogeza kuelekea mwisho. Kila inaposogea, ubao uliinuka. Ulipolala sawa, binti akapima: mita 1.8, sentimita chache tu kabla ya ncha. Wakaitoa chumvi, wakawa sasa wanaisogeza kamba yenyewe kuelekea upande wa unyevu, kidogo kidogo, mpaka ubao ukatulia peke yake. Sentimita 9 kutoka katikati. Hapo ndipo kitovu cha uzito kilipokuwa.

Wakakaa chini kwenye majani kupiga hesabu, daftari magotini. Nguvu hupimwa kwa niutoni, na kilo moja huvutwa chini kwa karibu niutoni 10, kwa hiyo chumvi ya nusu kilo ni niutoni 5. Mara mita 1.8, ni 9. Uzito wa ubao mara mita 0.09 lazima nao uwe 9. Basi ubao una niutoni 100, yaani kilo 10. Mikono ikainuka ovyo, kila mtu akipaza sauti jibu lilelile.

Tukaufunga kwenye mizani. Watu 46 walijisogeza kutazama duara dogo lisilozidi upana wa sahani, na mimi nikasongwa nyuma nisione kitu. Nikasikia tu ukimya, halafu kelele. Mshale ulikuwa umesimama kwenye 10, ukipita kidogo, unene wa ukucha.

Tulirudisha kamba pale kwenye sentimita 9, tukapima umbali upya kuanzia hapo, tukaning'iniza mitungi: kilo 20 mita 0.75, kilo 10 mita 1.5. Wakaachia. Ubao ukayumba mara mbili, ukalala sawa. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma, mitungi ikawa inazunguka polepole kwenye kamba zake, lakini ubao ulibaki vilevile.

Stima ilikuwa imesharudi, tulisikia redio ya jikoni. Hakuna aliyeuliza kuhusu kompyuta. Nilipoanza kukusanya kamba nikamwona binti bado amesimama chini ya mwembe, ameinua uso kuelekea tawini.

"Mwalimu, na hilo tawi linabeba ngapi?"

Nikamwambia hiyo ni mada ya Jumatatu. Alikuwa ameshafungua daftari kwenye goti, anaandika: 20, chini yake 10, chini yake 10 nyingine, ya ubao.