Siku nzima Yellowstone na RV

Jamani kama uko Marekani na unaweza kukodi RV, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, hifadhi ya Yellowstone nenda nayo. Sisi tulilala Fishing Bridge, ile kambi mahema hayaruhusiwi kabisa maana dubu wale grizzly wanapita sana hapo, ni magari ya kuta ngumu tu. Saa kumi na moja alfajiri tushaondoka, watoto wamefungwa mikanda bado wanasinzia.

Tukapanda Craig Pass, zaidi ya mita 2,500 juu, gari linalalamika kweli, pale kileleni kuna kiziwa kinaitwa Isa maji yake yanatiririka kwenda pande mbili, ya mashariki yanaishia Pasifiki na ya magharibi yanaishia Atlantiki, yaani kinyume na unavyodhani. Nilisimama pale nikabaki naangalia tu.

Haraka yetu yote ilikuwa ni parking ya Grand Prismatic, ile chemchemi kubwa ya maji moto yenye rangi, gari refu ukichelewa umekosa. Tukapata, sasa kuangalia chemchemi, mvuke mtupu! Asubuhi ya baridi mvuke unafunika kila kitu, watu wanapiga picha ya ukungu wanaondoka. Sisi jiko tunalo humohumo ndani, tukachemsha chai tukasubiri mpaka jua likapanda, aisee ikafunguka taratibu, bluu katikati, halafu kijani, njano, chungwa huku pembeni. Hizo za pembeni ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji ya moto, na ni humu humu Yellowstone miaka ya 1960 Thomas Brock aligundua bakteria anaitwa Thermus aquaticus, ambaye kimeng'enya chake ndo kikawezesha vipimo vya PCR, vilevile tulivyopimwa navyo Korona. Nilipomweleza binti yangu alinyamaza kabisa.

Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji moto juu, tuliiacha, watu wengi mno.

Jioni bonde la Hayden, baisoni, wale nyati wa Marekani, wamejaa barabarani, foleni karibu saa nzima. Mtu mmoja akashuka na simu akawasogelea, niliumia sana kwa kweli, sheria ni ukae mbali nao angalau mita 23 na mnyama yule anakimbia mara tatu kuliko binadamu. Tafadhali msifanye hivyo. Sisi tulikaa ndani, wakapita na ndama wao wekundu, mmoja dume kubwa akasimama chini ya dirisha letu, tukawa tunamsikia anavyohema.