Kumfuata Babu wa Keya hadi Bonde la Kabaw

"Babu alipigana Burma." Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, habari za vita vya 1939 hadi 1945 huishia hapo, na anayetaka kuipita njia ya mzee wake huanza kwa kuulizia nauli ya ndege. Usiku huu, karatasi zimetandazwa mezani, nazidi kuamini kuwa tiketi ije mwisho. Kwanza namba ya batalioni.

Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hawakushika njia moja. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru, ndiyo iliyoshuka Bonde la Kabaw, kaskazini-magharibi mwa Burma (Myanmar ya leo), mwaka 1944. Brigedi ya 22 ilikwenda upande wa pwani, Arakan, na ya 28 ikapelekwa Mto Irrawaddy mapema 1945. Batalioni ya 11 (Kenya) na ya 26 (Tanganyika) zilikuwa Brigedi ya 25. Ya 36 (Tanganyika) na ya 44 (Uganda), Brigedi ya 26. Ukikosea namba, utalilia bonde ambalo mzee wako hakulikanyaga.

Namba hiyo itafute kwenye kitabu cha kuachishwa jeshi. Nakili namba ya askari pamoja na herufi zinazoitangulia, usiziache. Medali hazisaidii sana: Waingereza hawakuchonga majina kwenye nyota za vita hivyo, kwa hiyo Burma Star inathibitisha eneo tu.

Ukishaipata, kumbukumbu za kila siku za batalioni zipo Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu WO 172. Kadi ya msomaji ni bure, na picha unapiga kwa kamera yako mwenyewe. Usitarajie jina la babu humo. Maofisa hutajwa, askari wa kawaida ni nadra sana. Utakachopata ni tarehe na mahali, navyo vinatosha. Mahali huandikwa kwa namba sita za ramani ya kijeshi ya wakati ule, zikionyesha mraba wa yadi 100. Ukiziingiza kwenye simu kama zilivyo utapotea, kwa sababu si latitudo wala longitudo. Tafuta kwanza ramani ya zamani ya eneo hilo, usome hapo, ndipo uhamishie kwenye ramani ya leo.

Ikiwa mzee hakurudi, anzia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Makarani waliandika majina walivyoyasikia, l ikawa r, hivyo tafuta kwa batalioni na mwaka wa kifo kabla ya jina. Wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wakitoka Mombasa kwenda Colombo, wanakumbukwa kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kwa familia hizo safari ni fupi, na isidharauliwe kwa ufupi wake.

Kwa wengine njia ni hii: Sri Lanka walikofanyia mazoezi ya msituni, kisha Imphal na Palel katika jimbo la Manipur, India, kisha Tamu upande wa Burma, halafu takriban kilomita 160 hadi Kalewa, walipofika mwanzoni mwa Desemba 1944. Walitembea kwenye masika makali, matope na malaria, chakula kikidondoshwa na ndege. Wewe nenda Novemba hadi Februari, kukiwa kukavu.

Kipande cha Tamu hadi Kalewa kwa sasa kiache. Tangu mapinduzi ya 2021 eneo la Sagaing, lenye kipande hicho, lina mapigano, na Manipur yenyewe imekuwa na machafuko tangu Mei 2023. Mgeni wa Manipur huhitaji kibali maalumu juu ya viza. Uliza kabla ya kulipia chochote. Cheti cha homa ya manjano ni lazima India kwa anayetoka kwetu, chanjo iwe na angalau siku 10, la sivyo utazuiliwa karantini.

Makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, yana Waafrika wengi. Andika kabisa namba ya kiwanja, safu na kaburi kabla ya kuondoka nyumbani: humo mna makaburi zaidi ya 6,000. Wasio na kaburi, majina yao yamechongwa kwenye nguzo zilizo katikati, kwa kufuata kikosi.