Nilivyoikagua Winchester ya zamani aliyoachiwa shemeji

Shemeji yangu, mjane wa rafiki yangu, aliachiwa bunduki ndogo ya kuvuta mkono wa mbele, ile inayotumia risasi za .22 zinazogongwa ukingoni badala ya katikati. Alitaka kuiuza kwa mtu anayekusanya silaha za zamani na akaniomba niiangalie kwanza. Mpwa wake alikuwa ameshamwambia kwamba ni ya mwaka 1888, kwamba haijaguswa tangu itoke kiwandani, na kwamba ina thamani kubwa kwa sababu inang'aa.

Kabla ya yote nilihakikisha haina risasi. Nilielekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, nikafungua mtambo nikaona chemba, yaani pale risasi inapokaa ili ifyatuliwe, ni tupu, kisha nikachomoa bomba jembamba lililo ndani ya bomba la risasi chini ya mtutu. Risasi hupenda kukwama humo bila kuonekana, kwa hiyo nililipitisha jicho na tochi. Mpwa alitaka kufyatua ili asikie kama springi bado ina nguvu. Nilimzuia. Kwenye bunduki za aina hii, pini ikigonga bila risasi inaweza kupiga ukingo wa chemba yenyewe, na kila pigo huacha kidonda kidogo kwenye chuma. Niliangalia ukingo huo kwa lenzi na nilifurahi kuona ni mzima.

Mtutu ulikuwa na pande nane, na nyuma ya mwili wa bunduki, juu, pamechapwa Model 1890. Hii ni kazi ya ndugu wawili, John na Matthew Browning, na Winchester waliitengeneza kuanzia 1890 hadi 1932. Zilitoka karibu 850,000, kwa hiyo umri pekee hauifanyi kuwa adimu. Zinazosakwa kweli ni za mwanzo kabisa, kama 15,500 hivi, ambazo hazitenganishwi vipande viwili. Ya shemeji ilikuwa na skrubu kubwa ya kufungulia kwa vidole upande wa kushoto, hivyo haikuwa miongoni mwa hizo.

Na ile 1888 ya mpwa? Ilikuwa juu ya mtutu, kwenye maandishi ya kampuni. Ni tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Juni 26, 1888, na iliendelea kuchapwa miaka mingi baadaye. Jambo hili si dogo, kwa sababu sheria ya Marekani inahesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898, na masharti ya kuiuza hubadilika kabisa baada ya hapo. Nilitafuta ushahidi mwingine. Juu ya mwili kulikuwa na mikato miwili ambamo vikingamizi vya mtambo huonekana vikifunga. Hiyo ni alama ya toleo la tatu, lililoanza mwaka 1908 au karibu na hapo. Mhuri wa WP ndani ya duara la yai, ule wa kuonyesha kwamba silaha ilijaribiwa kiwandani, ulikuwepo kwenye mtutu na kwenye mwili pia, na mhuri huo Winchester waliuanza 1905. Kwa hiyo si ya karne ya kumi na tisa, na shemeji alipaswa kuiuza kama bunduki ya kawaida kisheria.

Namba nayo ilikuwa sawa. Bunduki inapotenganishwa, nusu ya mbele ina namba yake na nusu ya nyuma yake, na zikitofautiana ujue mtu aliunganisha bunduki mbili. Hizi zilifanana. Makumbusho ya silaha yaliyopo Cody, Wyoming, yanahifadhi daftari za kiwanda na hutoa barua kwa anayetaka kuthibitisha, lakini kwa Model 1890 daftari haziendi hadi mwisho wa uzalishaji, na namba yetu ilikuwa imeshapita pale zinapoishia.

Sasa mng'ao. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ndipo wauzaji wengi hawapendi ukae. Nilisogeza taa pembeni ili mwanga upite kwa ulalo juu ya chuma. Herufi za kiwanda huwa na kingo kali, hata zikichakaa. Hizi zilikuwa zimelainika upande mmoja, mithili ya sabuni iliyotumika, na herufi chache zilibaki na mstari mwembamba tu. Matundu ya skrubu yalikuwa yamebonyea pembezoni, jambo linalotokea pale gurudumu la kung'arishia linapopita juu yake. Kingo za pande nane za mtutu nazo hazikuwa kali tena. Halafu nikapitisha ukucha pale mbao ya kitako inapokutana na bati la chuma lililopinda la nyuma. Kiwanda kiliiacha mbao ikiwa juu kidogo ya chuma. Hapa ukucha ulikwama kwenye chuma: mbao ilikuwa chini. Mtu aliipiga msasa, kisha akapaka vanishi, na chuma akakipaka rangi mpya ya bluu nyeusi.

"Shemeji, mbona inang'aa hivi halafu wewe unakunja uso?" aliuliza.

Nilimweleza kwamba mkusanyaji hulipia kile kilichobaki cha kiwanda. Asilimia thelathini ya rangi ya asili, iliyochakaa kwa mikono ya watu, huwa na thamani kuliko asilimia mia ya rangi ya juzi. Na kinachoondolewa na usafishaji wa namna hii hakirudi tena.

Ndani ya mtutu mambo yalikuwa ya wastani. Risasi za zamani ziliacha chumvi inayokula chuma kama hukusafisha siku hiyo hiyo, ndiyo maana bunduki nyingi za .22 za kabla ya miaka ya 1930 zina vishimo ndani hata zikipendeza nje. Hii ilikuwa na vishimo karibu na chemba, lakini mifuo, ile mikato inayozunguka ili kuizungusha risasi, ilionekana vizuri hadi mdomoni.

Lililonistua lilikuwa sanduku la risasi alilonunua mpwa: .22 Long Rifle. Mtutu umechapwa 22 W.R.F., yaani Winchester Rim Fire, risasi iliyoanza pamoja na bunduki hii na ambayo ganda lake ni nene zaidi. Model 1890 hazibadilishani risasi. Kila moja ilijengwa kwa aina moja, hata kile kinyanyuaji cha ndani, kinachoinua risasi kwenda kwenye chemba, kimepimwa kwa urefu wake. Ukiweka Long Rifle kwenye chemba hiyo, ganda linalegea na linaweza kupasuka, na gesi ikarudi usoni kwako. Sanduku nililiondoa mezani.

Kwenye karatasi ya mnunuzi niliandika toleo la tatu, W.R.F., namba zinafanana, mtambo unafanya kazi, ndani ya mtutu pana vishimo, chuma na mbao vimefanyiwa kazi upya. Mpwa aliona maneno hayo ya mwisho yanamfukuza mteja. Shemeji aliyaacha, akaongeza picha za yale maandishi yaliyolainika, na wa kwanza kupiga simu aliuliza kinyanyuaji ni cha W.R.F. au kimebadilishwa.

Ni chake.