Lori langu lilivyoziba lango la kanisa, na jinsi nilivyorudi kusali

Binti yetu wa tatu alipofikisha miezi minne, mama watoto alinituma kwa katekista, mwalimu wa dini wa parokia yetu ya Katoliki, nimwandikishe ubatizo. Nikajua ni kazi ya dakika kumi. Mzee yule akafungua daftari lake kubwa la jalada jeusi, akalamba kidole, akakipitisha kwenye majina ya jumuiya yetu, yaani familia za jirani tunaosali pamoja. Akafika chini, akarudi juu. Jina langu lilikuwepo, ila visanduku vyote vya mahudhurio mbele yake vilikuwa vyeupe tangu Machi 2020.

"Mwanangu," akaniuliza bila ubaya wowote, "wewe bado uko hai?"

Nilikasirika, sitaficha. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa mpaka Juba. Jumapili inanikuta Mlolongo karibu na Nairobi, au kwenye foleni ya Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, au Elegu, mpaka wa Sudan Kusini, nikingoja karatasi. Mungu anajua niliko, nikasema, na yeye hahitaji daftari. Nikatoka nimevimba, mtoto hajaandikwa, na nyumbani nikapokelewa na mtu aliyevimba kunizidi.

Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa kisingizio cha baadaye. Makanisa ya kwetu Uganda yalipofungwa Machi 2020, sisi wa mizigo tuliachwa tuendelee. Mei nililala siku nne Malaba nikisubiri majibu ya kipimo, na popote tuliposimama watu walitukimbia kana kwamba korona tumeifuga wenyewe. Makanisa yakafunguliwa Septemba, watu 70 tu kwa ibada. Nikawahi, kwa kuwahi kwangu. Langoni kijana alikuwa anahesabu kwa ncha ya kalamu. Nilikuwa wa 73. Nikarudi nyumbani nikakaanga mayai, na utamu wa mayai yale ndio ulionipoteza. Jumapili iliyofuata sikwenda kuhesabiwa. Juni 2021 yakafungwa tena, yakafunguliwa tena, wala sikuwa nafuatilia.

Baada ya lile daftari, ushauri niliopewa ungejaza kontena la futi 40. Dereva mwenzangu akaniambia hao wanataka hela tu, lipa zaka za nyuma, jina litajaa. Nikatuma kwa simu kama laki na nusu hivi, shilingi za Uganda. Katekista akaniandikia risiti, akashukuru sana, kisha akanionyesha daftari: "Hii ni safu ya zaka, mwanangu. Ile pale ni safu ya kuonekana." Pesa zikaenda, weupe ukabaki.

Mwingine akasema sikiliza misa redioni. Nikajaribu. Injili niliipata vizuri Naivasha, lakini nilipopita Nakuru mahubiri yakazamishwa na tangazo la dawa ya kuku. Kwenye kutakiana amani nikageuka kumpa mkono utingo wangu, akawa anakoroma. Kwa mgonjwa aliye kitandani redio ni neema kubwa. Mimi sikuwa mgonjwa.

Utingo mwenyewe ni mlokole, na alikuwa na hoja zake. Kijana huyu akishika Biblia, kutoka Eldoret mpaka mpakani hutapumua. "Mkubwa, yule mnyang'anyi pale msalabani alihudhuria jumuiya gani?"

"Wewe mikono yako ina misumari?"

Akanyamaza mlima mmoja. Halafu akaja na Paulo gerezani. Nikamwambia Paulo gerezani alikuwa na Sila, hao ni wawili, na kule Roma alikofungwa miaka miwili kwenye nyumba ya kupanga, kitabu cha Matendo kinamalizia kwa kusema alikuwa akipokea watu. Hata mfungwa alitafuta watu wa kukaa nao. Na ukisoma Waebrania 10:25, mwandishi tayari analalamika kuna wenye desturi ya kuacha kukusanyika. Kumbe mayai ya kukaanga hayakuanza na mimi.

Kwenye mabishano nilishinda. Kanisani bado nilikuwa siendi. Sasa niwasimulie Jumapili ya lori.

Nilikuwa na tani 26 za vigae kwenda Kampala. Nilivuka Malaba Jumamosi usiku, nikapiga hesabu: parokia yetu iko karibu nusu kilomita tu kutoka lami, misa ya kwanza ni saa moja asubuhi, nitaingia na lori, nisali, katekista anione, niendelee na safari. Nilijiona mjanja kweli. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ile njia ni ya udongo. Nikaliegesha kando ya ua, mkia ukabaki mbele ya lango. Nikapima kwa macho, nikaona pikipiki inapita, nikaridhika. Utingo nikamwachia ufunguo: "Usitoke hapa."

Misa ilikwenda vizuri. Niliimba. Nilijipitisha mara mbili mbele ya katekista, nikakohoa kidogo asije akasema hakuniona. Wakati wa matangazo yule mzee akasimama: "Mwenye trela ya vigae aje alisogeze, Padre ana misa ya saa tatu kigangoni, kwenye kanisa dogo la pembeni." Kanisa zima likageuka. Sijui walijuaje ni mimi.

Nikatoka mbio. Lori lipo, mtu hayupo. Nikapiga simu, imezimwa. Nikauliza kwa muuza rolex, zile chapati za mayai, akaniambia yule kijana amepita na Biblia kwapani, ameelekea senta ya pili. Kwenye ibada! Yeye aliyenisumbua na mnyang'anyi wa msalabani kuanzia Eldoret alikuwa na kanisa lake kila Jumapili anayoweza, alikuwa ameinua mikono huko, na ufunguo wa trela mfukoni. Simu ameizima kwa heshima ya nyumba ya Bwana.

Gari la Padre liko ndani ya ua, halina mahali pa kupita. Wanakwaya wamesimama barazani na vitabu vyao wananitazama. Padre akatoka, kanzu ya misa kwenye mfuko wa plastiki, kasha la kikombe kifuani, akapanda bodaboda, akaondoka kwenye tope bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Utingo alirudi saa tano, uso unang'aa. "Bwana asifiwe, mkubwa!"

Sitaandika nilichomjibu. Tulipoliwasha, magurudumu ya nyuma yakadidimia, vijana wa parokia wakasukuma, nguzo mbili za ua zikaenda nazo. Nilitoa kama elfu themanini za nguzo, na soda za vijana juu.

Padre aliporudi mchana, magoti mekundu kwa tope, nilikuwa bado pale. Nikaomba radhi. Akavua viatu, akaviweka juani, akauliza: "Sasa, ulilazimika kuja na lori?"

Akanieleza jambo ambalo nimekuwa Mkatoliki tangu utotoni bila kulijua, au nililisinzia kwenye mafundisho. Wajibu wa Jumapili unatimizwa pia na misa ya Jumamosi jioni. Na si lazima iwe parokia yako: kanisa lolote la Kikatoliki utakapojikuta, umeshasali. Imo kwenye sheria za Kanisa. Aliyezuiwa kwelikweli na kazi au ugonjwa hana kosa, akasema, ila anayejificha nyuma ya usukani anajijua.

Kuanzia hapo ujanja ukawa wa maana. Kwenye kile kibao cha kuzuia jua nimebandika karatasi: makanisa ya njiani na saa za misa, kuanzia Mombasa, Tororo kwenye kanisa kuu la Mashahidi wa Uganda, mpaka Gulu. Saa zenyewe siziandiki hapa kwa sababu hubadilika, na misa ya Jumamosi jioni haiko kila parokia. Usiulize kwenye intaneti. Muulize mama wa chai pale malori yanapolala. Yeye anajua mpaka padre yupi anahubiri mafupi. Lori liache penye askari, hata kama ni elfu kumi, halafu panda boda kwa elfu mbili tatu. Mimi niliyelipia nguzo ndiye nakwambia.

Lugha isikutishe. Gulu misa ni ya Kiacholi, sielewi kitu, lakini wakipiga magoti napiga magoti, na pa "Baba Yetu" najipenyeza na Kiswahili changu kwa sauti ya chini. Baada ya misa hupiga mnada vitu vilivyotolewa sadaka. Mara moja niliinua mkono kumsalimia mtu, nikauziwa jogoo kwa elfu thelathini na kitu. Alisafiri nasi kwenye kabini siku mbili, akawika katikati ya mizani, afisa akauliza kama naye yuko kwenye orodha ya mzigo.

Jumuiya ndiyo ilikuwa ngumu, maana inakutana Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba, na Alhamisi mimi niko mbali. Nikamwendea mwenyekiti, mama mmoja anayeuza matoke, nikamweleza bila kupamba. "Baba, ukionekana mara moja kwa mwezi nakuandika. Ukipotea nakupigia." Nilidhani ni maneno. Wiki ya tatu niko Elegu, foleni haisogei, simu ikalia: "Uko hai?" Safari hii sikuvimba. Utingo anasema niliangalia nje ya dirisha muda mrefu. Anatia chumvi.

Ilinichukua kama miezi saba. Visanduku vyangu havikujaa vyote, mwezi wa Desemba una tundu mbili kubwa, lakini katekista alipitisha kidole, akafika mwisho, akaandika jina la mtoto chini ya langu. Alibatizwa akiwa ameshaanza kutembea, maji yalipomgusa akamshika Padre ndevu.

Padre huyo tunapatana sana. Ila kila nikimpa mkono mlangoni, kabla ya salamu, macho yake huenda kwanza langoni.

"Lori umeweka wapi?"