Kunyamazisha maikrofoni ya hedseti bila mshindo

Katika ukalimani wa mtandaoni, ambao ndio kazi yangu, swichi ya kunyamazisha maikrofoni haipumziki: mkalimani hukohoa, hunywa maji, hufunua karatasi, humwachia mwenzake zamu. Hedseti nyingi za bei nafuu zina swichi hiyo kwenye waya, na nyingi kati yake hutoa mshindo kila inaposukumwa, mshindo ambao humfikia msikilizaji ukiwa mkali kuliko kikohozi kilichokusudiwa kufichwa. Watu hudhani kwamba swichi imechakaa au imeingia vumbi, wakabadilisha nyingine, na nyingine hiyo ikatoa mshindo uleule, kwa sababu chanzo hakimo ndani ya swichi.

Maikrofoni za hedseti za waya kwa kawaida ni za aina ya elektreti, ambayo Gerhard Sessler na James West waliibuni katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1962. Ndani ya kikopo chake mna transista ndogo inayohitaji umeme, na katika hedseti umeme huo huja kwa waya uleule unaopeleka sauti: kompyuta au simu huupitisha kwanza kwenye rizista, yaani kipande kinachokinza mkondo wa umeme, ambayo mara nyingi ni ya kiloomu 2.2, kisha ndipo ufike kwenye maikrofoni. Kwa hiyo waya wa maikrofoni hauko kwenye sifuri hata mtu anapokuwa kimya kabisa, na hapa ndipo penye kiini cha tatizo.

Tuchukue kompyuta inayotoa volti 2.5 na maikrofoni inayovuta miliampea 0.3. Rizista hula volti 0.66, na waya hubaki na volti 1.84. Sauti ya mtu anayezungumza karibu na maikrofoni hutikisa kiwango hicho kwa milivolti 10 hivi, si zaidi sana. Sasa swichi ikikata waya, volteji hurukia 2.5, yaani badiliko la zaidi ya mara 60 ya sauti yenyewe. Ikiunganisha waya na ethi, yaani waya wa pamoja ulio kwenye sifuri, volteji huanguka kutoka 1.84 hadi sifuri, na hapo badiliko huzidi mara 180. Kompyuta ina kapasita mlangoni, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, ya kuzuia mkondo mnyoofu, yaani umeme uliotulia usiobadilika, lakini badiliko la ghafla halihesabiki kuwa mkondo mnyoofu. Hupenya, hukuzwa pamoja na sauti, na msikilizaji huruka kitini. Swichi ya kukata ina ubaya wa ziada, kwamba waya ulioachwa wazi hugeuka antena na kuokota mvumo wa umeme wa nyumbani wa hezi 50, hata ukimya wenyewe ukawa na kelele.

Dawa, basi, ni kuizima sauti bila kuigusa volteji. Kapasita huweza kazi hiyo, kwa kuwa hupitisha mabadiliko na kuzuia kilichotulia. Upande wake chanya huunganishwa na waya wa maikrofoni, upande hasi huunganishwa na swichi, na swichi ikifungwa huupeleka upande huo kwenye ethi. Sauti hupata njia fupi ya kwenda kwenye ethi, ilhali zile volti 1.84 hubaki pale pale zilipokuwa.

Mpangilio huo peke yake bado hautoshi, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Swichi ikiwa wazi, upande hasi wa kapasita huning'inia bila kushikwa na kitu. Kapasita haijajaa, na siku swichi inapofungwa mara ya kwanza hujaa kwa kishindo. Kwa hiyo rizista huwekwa sambamba na swichi ili upande hasi ukae kwenye sifuri wakati wote. Swichi inapofungwa huwa inaunganisha sifuri na sifuri, na kinachobaki ni zile milivolti chache za sauti ya wakati huo.

Kwa viwango, mimi napendelea kapasita ya mikrofaradi 100 na rizista ya kiloomu 22. Kapasita hiyo, kwa sauti ya hezi 300, ina ukinzani wa omu 5.3 tu mbele ya zile kiloomu 2.2, na sauti hupungua kwa desibeli zipatazo 52. Ukitumia mikrofaradi 10 utapata desibeli 32 hivi, na maneno yatasikika kwa mbali, jambo la hatari kwa mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake kuhusu mzungumzaji. Rizista nayo hupunguza sauti ya kawaida kwa chini ya desibeli moja. Gharama ya mpangilio huu ni subira: baada ya kuchomeka hedseti, kapasita huhitaji sekunde 12 hivi kujaa, na mtu asiguse swichi kabla ya hapo. Kapasita iwe mpya, isiyong'olewa kwenye redio kuukuu, kwa sababu iliyozeeka huvujisha umeme, na uvujaji wa mikroampea moja kwenye kiloomu 22 ni milivolti 22, tayari zaidi ya sauti yenyewe.

Kwenye simu faida ni kubwa zaidi. Simu za Android hutambua vitufe vya hedseti kwa ukinzani kati ya waya wa maikrofoni na ethi: usiozidi omu 70 ni kitufe cha kupokea na kukata, omu 240 ni kuongeza sauti, omu 470 ni kupunguza. Swichi inayounganisha waya na ethi moja kwa moja huisomesha simu amri hiyo ya kwanza, na mazungumzo yanaweza kukatika. Kapasita haibadilishi ukinzani ambao simu inaupima, kwa hiyo simu haijui lolote.

Anayelehemu akumbuke kwamba nyuzi za ndani ya waya wa hedseti zimepakwa vanishi, na lehemu haishiki mpaka vanishi iungue. Rangi za nyuzi zisiaminiwe. Zipimwe kwa mita. Kisanduku cha swichi kibanwe kwenye nguo, maana swichi inayocheza huvuta waya, na mkwaruzo wake hupanda hadi kwenye maikrofoni.

Hedseti za USB hazihusiki na haya yote, kwani ndani yake swichi kwa kawaida hutuma amri kwa chipu tu. Hata kwenye za waya, programu ya mkutano inayojirekebishia kiwango cha sauti yenyewe inaweza kuharibu kazi nzuri: ikisikia kimya kirefu hupandisha kiwango, na neno la kwanza baada ya kimya hulipuka. Marekebisho hayo ya kujiendesha huzimwa kwenye mipangilio ya sauti ya programu, na mimi huyazima kabla ya kila mkutano.