Zulia la sedani yangu lililowa bila mvua: jinsi nilivyotatua

Gari ni jipya na ni zuri, sikatai. Paa limelala kama mgongo wa samaki, taa za nyuma zimeungana, na barabara ya Kampala kwenda Jinja linaimeza kimya. Lakini miguuni kwa abiria zulia lilikuwa linalowa, na harufu ya uvundo haikukosekana asubuhi.

Kwanza nilishuku kioo cha mbele. Nikalimwagia gari maji nusu saa, ndani pakavu. Nikabadilisha chujio la hewa ya ndani: harufu ilipungua siku mbili, ikarudi. Nikahofia maji ya rejeta, ila haya hayakuwa na rangi wala utelezi.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo. Nilisimama njiani, Lugazi, kununua gonja (ndizi za kuchoma), kiyoyozi kikiunguruma, jua kali. Gari la jirani lilikuwa limeacha kidimbwi chini yake. Langu? Vumbi tupu.

Kiyoyozi hutoa maji kutoka kwenye unyevu wa hewa, na hayo hushuka kwa kibomba cha mpira hadi nje; kikiziba, humwagikia ndani. Fundi alilinyanyua gari, akakiona nyuma ya injini, upande wa abiria: ncha imezibwa na tope jekundu, gumu kama tofali. Akalichokoa taratibu kwa waya laini, asitoboe mpira. Maji yalimshukia mkononi karibu kikombe kizima.

Nikainua zulia, nikaanika sifongo ya chini yake siku mbili. Sasa kila nikiegesha nachungulia uvunguni kwanza.