Vidole vya mama

Julai 2014 nilimpeleka mama hospitali kwa sababu ya presha iliyogoma kushuka. Magoti hayakuwa kwenye ajenda. Alichuma chai Rungwe miaka mingi, kikapu mgongoni kwenye miteremko ya utelezi, na tulishaambiwa yamesagika, basi. Kila mwezi mimi, muuza viatu wa Mwanjelwa, Mbeya, nilimkabidhi konda wa Kosta kibahasha cha diklofenaki, dawa ya maumivu, akifikishe Tukuyu. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Daktari alimpima, akaongeza dawa ya presha, akatuelekeza kwa nesi. Tulimkuta mama wa makamo aliyevaa sweta juu ya gauni jeupe, maana baridi ya Julai kule haina adabu.

"Mama, dawa zote unazokunywa unazo hapo?"

Mama akafungua mfuko wa rambo. Nesi akaumwaga mezani, akaanza kutenga vidonge kwa ncha ya kidole kama anachambua mchele. Za presha kulia. Kushoto zikakaa diklofenaki zangu, ibuprofeni za jirani, na piroksikamu kutoka duka la dawa la stendi.

"Hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Ukizinywa pamoja unajitafutia vidonda vya tumbo, na figo zinaumia. Tena zinapandisha presha, mpaka dawa yake inazidiwa nguvu. Nani anakununulia?"

Mama akageukia dirishani.

"Mimi, sista," nikasema.

Hakunigombeza. Alichukua cheti, akarudi nacho kwa daktari, na alipotoka ile dawa iliyoongezwa ilikuwa imekatwa kwa kalamu. Aache kwanza hizi tatu, akasema, tupime tena baada ya wiki mbili.

Kisha akavuta stuli akakaa mbele ya mama, magoti kwa magoti. Kwa daktari mama alikuwa amejibu "namshukuru Mungu," jibu lake la kila kitu. Nesi akainua mkono. Ngumi, hakuna maumivu. Vidole vitano, hayavumiliki.

"Ukilala?"

Vitatu.

"Ukipanda kilima cha nyumbani?"

Vinne.

"Ukienda chooni?"

Mama akacheka, akaziba mdomo kwa kitenge, halafu akanyoosha vyote vitano. Choo chetu kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa. Hapo ndipo nilipomsikia akisema kwamba ikifika alasiri hanywi hata chai, asije akalazimika kwenda usiku. Mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kumuuliza.

Nesi alimwambia wazi kwamba goti halitarudi kuwa jipya, ila kuna mengi ya kufanya. Parasetamoli za miligramu 500, mbili mbili, zisizidi nane kwa siku nzima. Akae kwenye benchi, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu mpaka tano, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni, ili misuli ya paja ilibebe goti. Akamnyang'anya mkongojo mkono wa kulia, upande wa goti bovu zaidi, akamshikisha mkono wa kushoto. Mama akabisha. Akatembezwa koridoni, akaenda na kurudi, akanyamaza.

"Na wewe," nesi akanigeukia, "mtafutie fundi atoboe kiti cha mbao katikati, kikae juu ya shimo."

Fundi alikimaliza Jumamosi. Mama alikionea haya. Wageni wakija alikifunika kanga na kukisogeza pembeni. Wiki mbili baadaye presha ilikuwa imeshuka, ingawa si mpaka tulipotaka. Magoti yaliendelea kuuma, hasa mvua za Machi. Lakini simu zake zilibadilika. Badala ya kunisalimia alianza na hesabu: "Leo viwili," au "Leo vinne, usiniulize."

Konda naye akashangaa mbona simpi tena kile kibahasha. Nikampa kilo mbili za sukari, maana mama alikuwa ameanza tena kunywa chai ya jioni.